Mikwaruzo Iliyopakwa Nusu

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku niliyomwambia fundi wa rangi anisubiri. Mimi ni mama wa miaka sitini na mmoja, nilifiwa na mume wangu miezi minane iliyopita, na nilisoma shule ya msingi tu, kwa hiyo utanivumilia nikiruka huku na huku, nitajitahidi kueleza jambo moja baada ya jingine.

Marehemu alikuwa mchora ramani katika ofisi ya maji kwa miaka thelathini na miwili, kazi yake kuchora mahali mabomba yanapopita chini ya barabara, na alikuwa mtu wa mstari ulionyooka, hata akinisaidia kukata kitunguu vipande vilikuwa vinalingana mpaka namwambia wageni watalala na njaa wakimsubiri yeye. Alipostaafu alijinunulia gari dogo la bluu, si jipya, akalipenda mpaka nikawa namtania kwamba ameniletea mke mwenza. Kila asubuhi alilifuta kwa kipande cha fulana yake ya zamani, akianzia juu akishuka chini, na kwa miaka mitano gari lile halikuwa na alama hata moja.

Mwaka wake wa mwisho ndipo gari likaanza kuchubuka. Leo mlango, kesho bampa, wiki ijayo madigadi, na kila nikimuuliza ananiambia nguzo ya geti imetokea tu, hajui ilikotoka, au ukuta umemsogelea, na mimi nacheka kwa sababu alikuwa mtu wa mzaha. Hata ndani ya nyumba alianza kujigonga bega kwenye fremu za milango. Akinyoa ndevu anaacha nyingine shavuni, namwambia rudi kwenye kioo, anarudi, anatoka vilevile. Mezani alikula upande mmoja wa sahani akabakiza chakula chote cha upande wa pili, na mimi kwa kuwa sipendi kutupa chakula nikawa namgeuzia sahani, naye anatazama, anafurahi, ananiambia kumbe umeniongezea. Kila siku, mshauri. Na kila siku mimi nilicheka, nikadhani ni utani wetu mpya wa uzeeni.

Mwanangu wa kwanza hakuona kama ni utani. Ni kijana mzuri, usimfikirie vibaya, ana watoto wawili, na hakupitisha wiki bila kutuletea kitu au kutupigia simu. Jumapili moja alikuja na wakwe zake, baba na mama wa mke wake, wageni wa heshima, tukawa tumekaa uani, mume wangu akawachukua wajukuu kuwazungusha mtaani kidogo kwa gari. Waliporudi akaingia getini akakwaruza ubavu mzima wa gari, ile sauti ya bati na ukuta unaijua, watoto wanalia ndani, wakwe wamesimama. Akashuka akiyumba kidogo, akatazama, akasema ukuta umemsogelea. Hakuna aliyecheka. Mwanangu akamfuata akanyoosha mkono, akamwambia, "Baba, nipe ufunguo. Wanangu hawapandi na mlevi."

Mume wangu hakuwa mnywaji. Kwa miaka thelathini na saba niliyoishi naye sikuwahi kumwona na chupa. Nilitakiwa kulisema hilo palepale, mbele ya wakwe, na sikulisema, kwa sababu na mimi nilishaanza kujiuliza, mbona anayumba, mbona anajigonga, labda kuna mahali anapitia akitoka. Nilinyamaza nikaenda kuleta chai. Yeye alitoa ufunguo akampa mwanawe.

Gari likabaki uani kwetu, ufunguo ukawa kwa mwanangu. Kuanzia siku iliyofuata mume wangu akaanza kuamka na kigoda chake, kikopo cha rangi ya bluu alichochanganyiwa dukani, na ile brashi nyembamba aliyostaafu nayo, anakaa kwenye ubavu wa gari anapaka mkwaruzo mmoja mmoja. Hakuniambia kwa nini, lakini nilijua, alitaka mwanawe akija alikute gari zima amrudishie ufunguo. Ilimchukua kama wiki mbili. Mimi nilimpelekea chai tu, sikwenda kutazama kwa karibu, nilikuwa naona haya, nadhani kwa niaba yake. Siku aliyomaliza yeye mwenyewe alimpigia simu mwanangu, akamwambia njoo uone.

Mwanangu alikuja. Alizunguka gari mara moja, akasimama upande ule, akarudi kwenye gari lake bila hata kukaa. Nilimfuata mpaka getini akaniambia, kwa sauti ya chini asisikike, Mama nenda kaangalie mwenyewe, amepaka nusu nusu, mchora ramani mzima, mtu mwenye akili zake hapaki hivyo, hata brashi ameshika amelewa. Akaondoka. Niliporudi mume wangu alikuwa bado amesimama na kitambaa mkononi, akaniuliza, "Hakuipenda rangi?"

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilimsogelea nikajifanya namfuta tone la rangi shavuni, nikamnusa mdomo. Nilimnusa kama mtu anavyonusa maziwa akihofia yamechacha. Alitulia kabisa, hakugeuza uso, akaniuliza, "Nanuka nini?" Nikamwambia, "Rangi." Na kweli alinuka rangi na chai, hakuna kingine. Alijua nilichokuwa natafuta, mshauri, nilimwona machoni kwamba amejua. Siku kumi na moja baadaye alianguka bafuni, akakaa hospitali siku tatu bila kuzungumza, akafariki.

Hospitali walisema alikuwa na uvimbe kichwani, wa muda mrefu, wakatupa barua. Mwanangu alishughulikia mazishi yote vizuri, mimi barua niliitia kwenye droo pamoja na miwani yake kabla mtu hajaisoma, na tukabaki na lile neno la mlevi. Hakuna aliyelifuta. Mwezi uliopita mjukuu wangu wa miaka sita alikuwa ananisaidia kuchambua maharage, akaniuliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza habari za paka, bibi, babu alikuwa anaficha wapi chupa zake. Nilimwuliza nani amekwambia babu alikuwa na chupa. Akasema baba.

Wiki mbili zilizopita gari la mwanangu liliharibika injini, akaniomba atumie la marehemu, akasema ila kwanza lipigwe rangi, hataki kuingia kazini na ile aibu ubavuni. Nikakubali. Mtaa wa pili kuna fundi wa rangi za magari wanamwita Kucha, kwa sababu kabla hajasema lolote hupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mkwaruzo. Anasema ukucha ukipita bila kukwama, hapo rangi ya juu tu ndiyo imeguswa, ni kung'arisha, na ukucha ukikwama mkwaruzo umefika chini, hapo msasa, puti ya kuziba, kisha rangi upya. Anasema hana haja ya kompyuta, kompyuta yake inakatwa kila Ijumaa kwa kikata kucha.

Nikakaa pembeni kumtazama. Alilimwagia gari maji, akalifuta, akachukua karatasi nyeupe ya gundi akawa anabandika kipande kando ya kila mkwaruzo, ili asije kusahau mmoja. Alipofika kwenye rangi aliyopaka marehemu akaanza kucheka, akasema huyu aliyepaka hapa kila akifika katikati alikuwa anaitwa chai. Mimi nikacheka naye kidogo, kwa uchungu. Akaendelea kubandika. Alipomaliza akarudi nyuma kutazama kazi, na hapo nikamwona ameacha kucheka.

Vipande vilikuwa thelathini na nne, na vyote vilikuwa ubavu wa kushoto. Ubavu wa kulia haukuwa na hata kimoja. Fundi akachuchumaa tena, akapita na kidole mkwaruzo mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayesoma. Rangi ya marehemu ilianzia upande wa kulia wa kila mkwaruzo, laini, haijavuka ukingo hata kwa unywele, ikafika katikati, ikaishia hapo. Mlango wa mbele hivyo, wa nyuma hivyo, madigadi hivyo, bampa hivyo. Nusu ya kushoto haijaguswa popote. Fundi akaniambia, "Mama, huyu hakuwa amechoka wala hakuwa amelewa. Mlevi anaachia popote. Huyu kila mahali ameachia palepale."

Ilinijia sahani. Sikufikiri, ilikuja yenyewe, ile sahani yenye chakula upande mmoja, na shavu lisilonyolewa, na bega, vyote upande huo huo, na yeye akiniambia kumbe umeniongezea. Hakuwa anatania. Aliona chakula kimeongezeka kweli. Alikaa kwenye kile kigoda wiki mbili akaimaliza kazi yote aliyoiona, kila mstari umenyooka, akampigia simu mwanawe akiwa na hakika gari limepona. Fundi akanigeuzia ndoo ya puti nikaikalia. Alikuwa ameshalowanisha msasa, nikamshika mkono nikamwambia usiguse.

Siku hiyo hiyo nilitoa barua ya hospitali kwenye droo nikaipeleka kwa nesi wa zahanati yetu, nikamweleza na habari ya sahani. Aliisoma mara mbili. Imeandikwa uvimbe ulikuwa upande wa kulia. Akanieleza kwamba ubongo wa kulia ndio unaoangalia mambo ya kushoto, na ukiharibika mtu anaweza kuwa na macho mazima na bado upande mmoja wa dunia haupo kwake, wala hajui kama haupo.

Mshauri, nifanyeje. Mwanangu anapiga simu kila jioni kuuliza kama gari limeshapigwa rangi, namdanganya kwamba fundi anatafuta bluu inayofanana. Nikimwonyesha nitamsafisha baba yake, lakini nitamvunja yeye, maana neno lake la mwisho kwa baba yake uso kwa uso ni lile la mlevi, na ni mtu wa kujitesa, namjua nimemzaa. Nikinyamaza fundi apige msasa, basi hakutakuwa na mtu wa kujua, yeye atalala usingizi wake, na mume wangu atabaki mlevi kwa wajukuu zake. Na nikisema, ataniuliza na wewe mama ulikuwa wapi, nami nilikuwa palepale namnusa. Nisaidie, nifanye lipi.

Ni mimi, mama wa gari la bluu.


JIBU LA MSHAURI

Mama wa gari la bluu, pole. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikalazimika kukaa. Nimeisoma tena, na sasa ngoja tuzungumze, maana Jumamosi haipo mbali.

Nianze na lile linalokunyima pumzi. Hukumuua mumeo, wala mwanao hakumuua. Nimemwuliza daktari ninayemwamini kama mtu angeweza kulijua jambo hili kwa kutazama sahani, akaniambia hata madaktari hulikosa, kwa sababu mgonjwa mwenyewe halalamiki, kwake hakuna kilichopungua. Kama angewahishwa angepona? Hakuna ajuaye, na wewe acha kujipeleka mahakamani kila jioni kwa kesi isiyo na hakimu. Ila wasomaji wengine mnaosoma hapa, mzazi wenu akianza kugonga upande mmoja, kula upande mmoja, kunyoa upande mmoja, msinuse mdomo. Mpelekeni hospitali wiki hiyo hiyo.

Sasa nitakugombeza kidogo, na utanisamehe. Umeandika kurasa nne kuuliza kama mwanao ataweza kuibeba habari hii. Mimi nimeona mtu mmoja tu ambaye hataki ibebwe, naye ni wewe. Unamwogopea kijana, sawa, lakini zaidi unaogopa lile swali atakalokuuliza. Kwa hiyo umemweka mbele kama pazia. Toka nyuma ya pazia, mama. Mwanao ni mtu mzima mwenye watoto, na hili ni lake kulijua. Ukimficha leo, siku moja atakuwa na umri wa baba yake, atakutana na daktari au fundi mwingine, ataunganisha mwenyewe, na hapo hutakuwepo kumshika mkono.

Na lipo lingine ambalo haliwezi kusubiri huruma ya mtu. Mtoto wa miaka sita ameshapewa babu asiyekuwa wake. Leo anauliza chupa zilifichwa wapi, kesho atawasimulia wenzake shuleni. Jina la marehemu ni kazi yenu nyinyi wawili, na mmechelewa miezi minane.

Fanya hivi. Usimweleze kwenye simu, na usimwandikie. Mwite kwenye karakana ya fundi, gari likiwa vilevile na zile karatasi nyeupe juu yake. Nenda na barua ya hospitali. Mwache fundi amwonyeshe kwa kidole chake kama alivyokuonyesha wewe, mmoja mmoja, wala usiharakishe, na wewe usiseme kitu mpaka mwanao aone. Ataona, maana alishaitazama kazi hiyo mara moja kwa hasira, na alichokosa siku ile ni mtu wa kumwambia atazame tena.

Kisha, kabla hajafungua mdomo kujilaumu, wewe ndiye utangulie. Mwambie ulinyamaza mbele ya wakwe. Mwambie ulimnusa, na kwamba baba yake alijua. Usilipunguze wala usilipambe. Najua unaona ni aibu kumwambia mtoto jambo kama hilo, lakini fikiri, utamfanyaje mwanao akubali kosa lake ikiwa mama yake anamsimamia juu ya kichwa akiwa msafi? Mkiwa wawili wenye kosa, mtalia pamoja. Akiwa peke yake, ataenda kulia mahali usipomwona.

Akilia mwache alie. Usimwambie nyamaza, usimwambie baba yako alikusamehe, kwa sababu hujui na yeye atajua kwamba hujui. Mwambie unachokijua. Kwamba baba yake alikaa kwenye kigoda wiki mbili kwa ajili yake, na kwamba aliimaliza ile kazi. Hilo ni kweli, na lina uzito wa kutosha.

Baada ya hapo ana kazi mbili, zake si zako, usimfanyie. Ya kwanza, aende kwa wakwe zake, aseme mbele ya wale wale waliolisikia neno lile, kwa mdomo wake, kwamba baba yake hakuwa mnywaji, alikuwa mgonjwa, na yeye alikosea. Ya pili, akae na wanawe awaambie hivyo hivyo, kwa maneno ya watoto. Akikawia, mkumbushe. Akikawia tena, nenda naye.

Kuhusu gari, nimehisi kwenye barua yako kwamba unataka kulifunika na kulitunza hivyo lilivyo. Hapana. Pigeni picha mkitaka, mwanao azihifadhi, kisha fundi ashike msasa wake afanye kazi mliyomwitia. Mumeo alitaka ile mikwaruzo iondoke. Alifanya sehemu yake mpaka mwisho wa alichokiona. Iliyobaki imaliziwe, kisha mwanao aliendeshe gari hilo kazini, na akiulizwa ni la nani aseme ni la baba yake.

Na wewe, mama, umeishi na jambo hili peke yako tangu siku ya karakana, ukimdanganya mtu kila jioni, na uongo wa kila jioni unachosha kuliko ukweli wa asubuhi moja. Usingoje Jumamosi ikukute. Ukimaliza kusoma hapa, chukua simu. Mwambie mwanao kwamba fundi anawasubiri nyote wawili kesho, saa tatu asubuhi. Akikuuliza kuna nini, usijibu, mwambie njoo. Atakasirika kidogo, atauliza tena, na bado atakuja.